Vyungu vya Mama kwenye Sikukuu ya Baraka

Baraka, siku ya ine tangu sikukuu

Mama yangu mupenzi,

Ni mi mutoto wako Etabo, ninakusalimia toka huku chini kando ya ziwa. Goti lako linaendelea je? Ile maumivu ya wakati wa mvua imepunguka? Na mihogo ya bondeni, nguruwe ba pori habajaimaliza? Mi niko na afya, ninakula, ninalala. Ni moyo njo hauko muzuri. Dada Wabiwa, weye unayemusomea Mama, soma pole pole na usiruke kitu, hata pale utasikia ninajisema mubaya.

Mama, vyungu vyako vilifika. Motari alikuwa amevifunga kwenye pikipiki yake na majani ya ndizi kama ulivyomuonyesha, lakini barabara ya Kilembwe unaijua. Kati ya saba, kimoja kilipasuka. Sita nilivipanguza vumbi, nikakata kipande cha karto ya boksi, nikaandika kwa herufi kubwa: MAMA WABIWA, FUNDI WA KILEMBWE. Nikakisimamisha mbele yavyo.

Unakumbuka patro wangu, tajiri mwenye depo ya simenti ninapopakia mizigo, njo prezida wa komite ya sikukuu. Ni yeye aliniambia, "Etabo, mwambie mama yako alete vyungu. Sikukuu hii ni ya mafundi ba kwetu na chakula cha kwetu." Nilimuamini. Wiki nzima nilitembea nikihesabu siku sawa mutoto anayengoja Noeli.

Kiwanja cha mpira kilijaa asubuhi. Kulikuwa bamama ba sombe ya majani ya muhogo na mawese, bamama ba ndagala, bale samaki badogo ba ziwa, mufua vyuma wa Lubondja na majembe yake, bazee banaosuka mikeka. Wageni ba Bukavu waliwekewa viti chini ya hema. Mafundi waliwekwa kwenye jua. Bakimbizi ba Burundi waliambiwa baikale nyuma ya kamba, hata kama vikapu vyao vilikuwa vizuri kupita vyote nilivyoona. Mumoja wao, Mama Consolata, alikuwa karibu na meza yangu. Nilimuonyesha vile vyungu, ile michoro unayopitisha na ukucha kwenye shingo ya chungu. Akapitisha kidole pale, akasema, "Huyu mama iko na mukono. Umwambie nimesema."

Nimekwambia sasa. Ni yeye peke yake alikutumia salamu siku ile.

Saa ya chakula, vijana ba komite walikuya kuchukua vyungu viwili, eti sombe ya wageni ipakuliwe mule, ionekane vizuri kwa picha. Nilifurahi. Sikuona kama karto yako nayo imeondoka. Niliiona kisha: mama mumoja alikuwa anapepea nayo makala ya moto, upande mumoja umeshaungua. Hajui kusoma, hana kosa.

Mugeni mukubwa akaonja sombe, akainua chungu kwa mikono mibili, akageuza, akapiga na kidole. Kikalia vile vyungu vyako vinaliaka. Akauliza kwenye mikro, "Nani alifinyanga hiki?"

Patro akasimama. "Ni bibi yangu," akasema. "Hapa kwetu bamama habajasahau kazi ya bankambo betu ba zamani."

Bantu bakapiga vigelegele. Bibi yake wa ndoa, Mama Neema, alisimama akiangalia chini, bakamuvalisha kitenge, bakamupa diplome. Mugeni akasema atamwita Bukavu afundishe bamama ba kule. Patro akaitika. Halafu akageuza macho, akanitafuta katikati ya bantu mupaka akanipata.

Mama Consolata akanivuta shati. "Kaka, si ni ya mama yako? Mbona unanyamaza?"

Mama, nilipiga makofi. Mikono hii ndiyo ilipiga, na si mara moja. Niliogopa kazi, niliogopa aibu, sijui niliogopa nini tena. Mama Consolata aliachilia shati yangu, akarudia kwa vikapu vyake.

Kesho yake Mama Neema alikuya depo peke yake. Hakuwa na kiburi, heri angekuwa nacho. Akasema, "Etabo, mi sijui hata udongo munatoa wapi. Bukavu batanicheka. Mwandikie mama yako ashuke, aikale kwetu, anifundishe. Chumba cha nyuma kiko."

"Na bantu bakiuliza ni nani?"

"Tutasema ni mama wa kazi."

Aliona namna nilimuangalia, akaongeza, "Si mi nilisema uongo. Mi nilisimamishwa tu." Akaanza kulia, na mi nikabaki nimeshika mufuko wa simenti.

Ile siku njo nilienda kwa mwalimu, sekretere wa komite. Nilimueleza yote. Alinisikiliza vizuri, akafunga daftari. "Ninakuamini," akasema. "Lakini ripoti ya sikukuu imeshaenda Bukavu. Unataka komite nzima ionekane ya bongo, kama ilisema uongo?"

Basi nikaenda kwa patro mwenyewe, mbele ya bapakizi benzangu. Nikamwambia, "Patro, vyungu ni vya mama yangu. Nilikosa kusema pale kiwanjani, ninasema sasa." Hakukasirika. Alicheka. "Sasa umesema. Nani amekusikia? Andika ile barua, bibi yangu anangoja." Benzangu baliangalia chini, baliogopa kazi kama mi pale kiwanjani.

Kisha picha, komite ilirudia kuchukua vingine vitatu; vyungu vine vimeenda na wageni. Kimoja kiko ndani ya saloni ya patro, bametia maua ya plastiki. Cha sita nilikibeba mchana, kila muntu akiona, nikamupelekea Mama Consolata. Alikipokea bila kucheka. Anapikia batoto maharagi.

Karatasi hii ni patro alinipa, na motari anatumwa na yeye. Anafikiri ninakuita. Mama, usikuye. Motari akikuambia mimi niko mugonjwa, usimuamini. Akikuambia nimepata bibi, ninaoa, usimuamini vilevile. Umupe maji ya kunywa, umuache arudie peke yake.

Unisalimie kaka mukubwa anayelinda shamba, na mama mudogo anayeimba kanisani; umwambie ninaikosa sauti yake. Usalimie mujomba, lakini hii mambo usimusomee, atataka kushuka na panga. Dada Wabiwa, weye ulikimbiaka udongo kwa sababu ya kucha zako. Ikala karibu na Mama msimu huu, uangalie mikono yake inavyofinyanga.

Mama, sikuombi usamehe leo. Ungekuwa pale, ungeniangalia namna Mama Consolata aliniangalia akiachilia shati, na ingekuwa haki. Motari atarudia bila weye, na kazi yangu kwa patro itaisha palepale. Nitatafuta ingine kwa bavuvi. Kama sipati, nitapanda Kilembwe kwa miguu, na utaniona mulangoni bila kitu mukononi.

Mi mutoto wako,
Etabo