Mayai Mawili ya Mjusi wa Mchangani

Jumatatu, 4 Mei

Hakuna aliye hai anayemjua mjusi wa mchangani kunizidi mimi. Hata mjusi mwenyewe akipotea huja kuniuliza! Shule niliiacha darasa la sita — walimu walikuwa wananichelewesha.

Leo nimemkamata jike. Vijiguu vyake ni vya mapambo tu. Anaogelea ndani ya mchanga kama samaki. Juu unaona kamstari, ukiinama keshapita. Ukimshika mkia, unabaki na mkia! Mimi nikamzoa na mchanga wake, nikamtia kwenye boksi. Mama Mijusi — mtaalamu aliyeniajiri — kaniita fundi. Nikamwuliza, ndiyo kwanza unajua?

Jumatano, 6 Mei

Jike katagia ndani ya boksi! Mayai mawili, madogo kama maharage. Mama Mijusi kachora msalaba wa penseli juu ya kila yai, akaondoka mbio kuwaona wakubwa wa machimbo, wasichimbe tuta letu la mchanga. Mjusi huyu hajaonekana kwingine kokote. Kaniachia agizo: nyunyizia mchanga maji kidogo, basi.

Basi? Msomi huyo! Mimi nimelelewa na shangazi, mfuga kuku.

Ijumaa, 8 Mei

Nayageuza asubuhi na jioni. Msalaba juu, msalaba chini. Shangazi naye huyachora hivyo hivyo ya kwake, ajue lipi keshaligeuza. Anasema yai lisipogeuzwa, mtoto hugandia kwenye ganda. Mama Mijusi atanishukuru.

Jumanne, 12 Mei

Tingatinga limekuja. Nikasimama mbele yake. Dereva: dogo, toa mijusi yako au niipe lifti! Akacheka. Nikacheka pia — ningefanyaje?

Tuta limekwisha. Nimefukua kwa kucha hadi zikatoka damu. Nimepata mkia mmoja, bado unarukaruka. Mwenyewe hayupo.

Alhamisi, 14 Mei

Jike kafa. Mchwa niliomletea hakuwagusa. Mayai yamebonyea, moja limeota ukungu. Nimezidisha kugeuza.

Jumamosi, 16 Mei

Mama Mijusi karudi. Kasimama ukingoni mwa shimo. Halafu: pole mdogo wangu, si haba, mayai tunayo.

Kafunua boksi. Msalaba mmoja juu, mwingine haupo.

Nani kayagusa? Yai la mjusi haligeuzwi, anasema. Mtoto hujishikiza juu, ukimpindua anazama. Msalaba ulikuwa wa kuonyesha upande huo wa juu.

Nikasema tingatinga lilitikisa nyumba nzima, boksi likaanguka.

Kaniamini! Kanishika bega, eti si kosa lako. Sasa yuko nje anampigia simu bosi wa yule dereva. Namsikia kupitia ukuta: yalikuwa ya mwisho, anasema, ya mwisho kabisa. Sauti inakatika. Dereva atafukuzwa.

Boksi halikuanguka. Ni mimi. Kwa mikono hii, asubuhi na jioni, nikipiga mluzi.

Ananiita.