Injini ya Basi Ndani ya Lori la Baba

Nyumba ya pili baada ya ghala la mbao,
S.L.P. 418.
Tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mwili na roho, wewe na wifi yangu na hao wanangu wawili. Je, kikohozi cha wifi kimeisha? Na yule mdogo ameshaota meno ya mbele, au bado anacheka kama bibi kizee? Mama ndiye anayeuliza, mimi naandika tu. Sisi huku tunapumua. Nikisema hatujambo nitakuwa nakudanganya, na kudanganya nimechoka, kama utakavyoona.

Katika barua iliyopita nilikuandikia kwamba lori letu, Mstaafu, liko gereji kwa matengenezo madogo. Haikuwa kweli. Mstaafu alikufa, Kaka, na aliyemuua ni mimi.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Juni. Nilikuwa natoka machimboni na shehena ya kokoto. Katikati ya mlima nikaona mvuke unafuka kwenye boneti. Ungekuwa wewe, ungesimama. Mimi nilikanyaga mafuta. Geti la mkandarasi ninayembebea kokoto hufungwa saa kumi, nami wiki ile nilikuwa nimeshachelewa mara mbili, na nilijua wanaume wa pale wanasubiri mara ya tatu ili waseme, "Si tulisema? Lori na mwanamke wapi na wapi?" Nikajiambia, zimebaki kona mbili tu. Kwenye kona ya pili injini ikapiga kelele kama masufuria yaliyoporomoka ngazini, kisha ikanyamaza. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka, maji yote yamekwisha. Nyumbani nilisema ilizima ghafla, bila dalili yoyote. Hata Mama nilimwambia hivyo.

Fundi Kimya, yule unayemjua, anayeongea na spana kuliko watu, aliifungua akaniita nichungulie. Bloku, mwili wenyewe wa injini, ilikuwa na ufa unaoingia kidole. "Hii ni ya kuzika," akasema, akaendelea na kazi yake.

Sasa, hujamwona Baba tangu presha ya macho imalize kazi yake. Haoni hata mwanga wa dirisha. Na tangu moyo ulipomsumbua mwezi wa nne, daktari ametuonya tusimpe mshtuko. Kila nikirudi kutoka gereji alikuwa ananiuliza, "Injini yangu wamefikia wapi?" Injini yangu, Kaka. Kwa miaka thelathini na moja aliifungua na kuifunga kwa mikono yake mwenyewe mara tatu. Ningemwambiaje?

Mimi na Mama tukashauriana jikoni, mlango tumeufunga. Tutafute injini nyingine, ifungwe, tumwambie ni ileile imetengenezwa. Mama akatoa cherehani yake, tukabadilishana na injini ya basi lililolala miaka miwili kwenye majani nyuma ya karakana moja. Tangu siku hiyo anashona kwa mkono, na Baba akiuliza mbona hasikii cherehani, anajibiwa imepelekwa kurekebishwa. Uongo ni kama panya, hufugi mmoja.

Injini ile haikukubali kirahisi. Vishikio vyake havikuelekeana na vya lori, ikabidi fundi akate na kuchomelea upya. Ndani kutu ilikuwa imeishika, basi akatoa nozeli zote za kupulizia dizeli, akamimina oili kidogo katika kila silinda, akaiacha siku mbili inywe. Kisha tukatia spana ndefu kwenye krenki, ule mhimili unaozungusha injini, tuizungushe kwa mkono. Haikutikisika. Nilining'inia kwenye ile spana kwa uzito wangu wote, miguu haigusi chini, ikanitazama tu. Siku ya tatu ndipo ilipozunguka, nusu mzunguko, nikakaa sakafuni nikalia mbele ya fundi bila aibu. Lori lilikuwa limelala wiki saba. Mkandarasi alikuwa ameshaita lori la mtu mwingine. Na fundi alinieleza wazi: ikiwaka na kuzunguka dakika mbili bila oili kupanda, imekwisha. Nyumbani hatukubakiwa na kitu kingine cha kubadilishana.

Siku ya kuwasha ilikuwa Jumamosi, asubuhi ya saa tatu. Rejeta tumeijaza, mikanda imekazwa, betri tumeazima. Kando ya bomba la kuvutia hewa fundi aliweka kipande cha ubao. Nilipomuuliza wa nini, akasema injini ya dizeli inaweza kupandwa na wazimu ikakataa kuzimika, basi unaiziba pumzi. Tulikuwa tumebakiza kutia oili tu, nikasikia fimbo inagonga lami. Baba. Hatukumtarajia. Nyuma yake Mama ananipungia mikono kama mtu anayefukuza nyuki.

"Mmeanza bila mimi?" Baba akauliza, na alikuwa anatabasamu. Kaka, sijamwona akitabasamu hivyo tangu macho yamwache. "Leteni hiyo oili. Injini iliyolala hunyweshwa na mwenyewe."

Fundi alinitazama, nikamtazama Mama. Baba akapapasa bampa, akapanda juu ya ngao ya gurudumu kama kijana, mkono mmoja umeshika galoni, mwingine ukaenda moja kwa moja, bila kusita, mbele juu, karibu na rejeta, pale kifuniko cha oili kilipokuwa miaka yote. Hakikuwepo. Vidole vikagusa chuma kitupu. Vikarudi, vikaenda kushoto, vikarudi tena. Ninapoandika bado naviona vile vidole vinatafuta.

"Kifuniko kiko wapi?"

Fundi akaweka spana chini.

"Nimeuliza, kifuniko cha injini yangu kiko wapi?"

"Baba," nikasema, "hiyo si injini yako."

Nikamwambia yote pale pale, ya basi, ya cherehani, ya jikoni. Mama alikuwa analia. Baba akashuka taratibu, galoni akampa fundi. Nilikuwa namtazama kifuani, nasubiri moyo umuangushe. Akauliza ile yake imetupwa wapi. Ilikuwa nyuma ya gereji, karibu na matairi mabovu. "Nipeleke."

Nikamshika mkono. Akachuchumaa, akaipapasa, na hakuhitaji kuelekezwa. Kidole kikaingia kwenye ufa hadi kwenye pingili.

"Chuma hakipasuki hivi ghafla," akasema. "Uliona mvuke?"

Ningeweza kusema hapana. Mtu haoni, shahidi hakuna.

"Niliuona, Baba."

"Ukasimama?"

"Sikusimama. Nilipanda kona mbili nzima."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kuchekwa."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alijifuta mikono kwenye suruali, ile nzuri ya kutokea, akainuka, akatangulia kurudi kwenye lori akiongozwa na fimbo yake. Pale mbele akanyoosha mkono kwa fundi, akapewa galoni.

"Haya. Oili ya hii inaingilia wapi?"

Fundi akamshika kiganja, akakiweka kwenye kifuniko, ubavuni. Baba akamimina yote, hakumwaga tone. Akaamuru tufunge dizeli kwanza, nipige stata bila kuwasha mpaka mshale wa oili uinuke. Nilikaa kwenye usukani. Stata ya kwanza, mshale umelala. Ya pili, umelala. Ya tatu, betri inaanza kuchoka, mshale ukainuka kidogo, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini. Tukafungua dizeli, tukatoa hewa kwenye mabomba, nikapiga tena. Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe uliofunika gereji nzima, ikawaka. Ubao haukuhitajika. Baba akaegemeza ncha ya spana ndefu kwenye injini, ncha nyingine sikioni, akasikiliza. "Silinda ya tatu ni mvivu," akamwambia fundi. Kisha akamtaka Mama amrudishe nyumbani.

Hiyo ni siku kumi na mbili zilizopita. Lori linatembea, mkandarasi amenirudishia safari tatu kwa wiki. Lakini nyumbani, Kaka, pamezizima. Baba ananiuliza oili, maji, moshi, basi. Nikimpelekea chakula anasema, "Weka." Nikiaga asubuhi hajibu. Mama naye anajibiwa nusunusu, na anakonda. Uzito wa kokoto naujua, huu siwezi kuubeba. Mara nyingine nafika juu ya ule mlima nasimamisha lori, eti napima maji, kumbe nalia. Kama unaweza kumwandikia, mwandikie. Usinitetee. Mwandikie tu asikie sauti ya mwanawe ambaye hakumdanganya.

Barua hii ni yeye aliyeniagiza niiandike. Jana alisema, "Mwandikie kaka yako. Usipunguze." Sijapunguza.

Nisalimie wifi na ubusu wanangu wote wawili. Msalimie na Mjomba ukipita kwake. Mama anakusalimu sana, na Fundi Kimya amesema, "Msalimie," ambayo kwake ni hotuba. Sasa hivi nimemwendea Baba barazani nikamwomba aniambie salamu zake. Amegongagonga fimbo sakafuni mpaka nikadhani hataniambia. Kisha akasema niandike hivi, neno kwa neno: "Mwambie injini ni ya basi, na dereva ni binti yangu."

Nimeshindwa kuendelea kuandika kwa muda, ndiyo maana wino hapa umechafuka.

Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na akufikishe kwetu salama siku atakayopenda.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
wa usukani.