Kazi Iliyoonwa Kabla ya Siku Yake

Mamba,
Jumatano.

Kwa ndugu yangu mpendwa Fanueli,

Amani ya Bwana iwe juu yako na juu ya wote walalao chini ya paa lako. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Shemeji yangu Hedwiga nampa pole ya mguu. Mwambie asiukande kwa maji ya moto sana, kwani marehemu mke wangu Beatha alifanya hivyo na hakupata nafuu. Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri. Goti moja linanitii, la pili lina maoni yake. Nyumba imekuwa kubwa mno tangu alipotutoka, lakini mjukuu wangu Careen hunipikia makande na kunigombeza nisipoyamaliza, kwa hiyo siwezi kusema kwamba niko peke yangu. Mvua imeanza vizuri huku juu na tangawizi imechipua.

Naomba radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Maneno uliyoyasema Jumapili iliyopita nje ya kanisa yalinifikia huku mlimani kabla jua halijatua, na ilinipasa kukujibu siku ile ile. Lakini mwalimu wetu wa misheni alitufundisha kwamba mtu akikasirika aiache kalamu mpaka mkono upoe. Nimeusubiri mkono wangu upoe. Haujapoa, ndugu yangu, na Jumamosi inakaribia. Kwa hiyo naandika hivyo hivyo, nami nakuomba unisamehe pale kalamu itakapokwaruza.

Mwinjilisti amenieleza kwamba ulisimama juu ya ngazi, watu wakiwa bado wanapeana mikono, ukatangaza kuwa vijana wetu watatu waliondolewa kwenye mashindano kule Ujerumani kwa sababu Idrisa, mtoto wa Yahaya wa Same, aliiba muziki wa Wazungu na kuuita wake. Ulisema mtoto wa muuza nati na bolti atautoa wapi muziki. Ulisema mwizi hata umpandishe ndege atashuka mwizi. Mama mmoja alipokuuliza ushahidi uko wapi, ulimjibu kwamba ukimwona nyani anatoka shambani huulizi amekula nini, na watu wakacheka. Kisha ukasema kwamba Jumamosi baraza la wazee litaombwa kumnyang'anya ufunguo wa ukumbi wa hapo kwenu Maore, asiwafundishe tena watoto kompyuta, maana atawafundisha wizi.

Naomba uniruhusu nianzie mwanzo. Sifanyi hivyo kwa sababu umesahau, bali kwa sababu unakumbuka vibaya.

Wewe na mimi hatukuelewa mara moja kitu walichokuwa wakikifanya watoto hawa. Careen alinieleza mara nyingi, kwa subira ambayo hakuirithi kwangu. Si filamu, wala si picha zilizopigwa. Wao huiandikia mashine maagizo machache, na mashine ikiyasoma huchora na kupiga muziki yenyewe, pale pale, mbele ya macho yako. Mwanao Fredrick ndiye aliyeandika hesabu zake. Careen alibuni maumbo na rangi. Idrisa alitengeneza muziki. Walionyesha mzizi wa tangawizi unavyovimba ardhini mpaka unakuwa milima yetu hii, na matuta yake, na ukungu unavyoshuka, na maji yanavyofunguliwa kutoka kwenye ndiva, yale mabwawa yetu ya kumwagilia, na kukimbilia mashambani. Muziki wenyewe ulitokana na sauti ya wanawake wakiosha tangawizi. Nasema hivi kwa sababu nilikuwapo. Idrisa aliirekodi sauti hiyo uani kwangu, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kutwa nzima, na wanawake walimtania kwamba kijana anayekuja kwenye tangawizi kusikiliza tu atafutiwe mke bubu. Kama muziki ule uliibwa, basi uliibwa kwenye beseni langu, na mwenye beseni hajalalamika.

Barua ya mwaliko ilipokuja, wewe ndiwe uliyesema kwamba binti hatasafiri na vijana wawili wa kiume kama mzigo usio na mwenyewe, na kwamba lazima mzee mmoja afuatane nao. Nilikubaliana nawe, na bado naona ulisema vema. Lakini ulipotambua kuwa mwenye pasipoti ni mimi, kwa ajili ya ile safari ya kwenda kwa usharika rafiki ng'ambo ambayo haikutimia, uliwaambia watu kwamba kaka amezeeka na sasa anataka kuchezea kompyuta. Nilicheka pamoja nao, kwa adabu. Ninakiri kwamba sikufurahi.

Ndipo tukafika kwenye siku ya kuwaaga. Watu walikuwa wamechanga, na kwetu sisi aliyechanga haagi kwa soda peke yake, hutaka kuona. Careen alikataa. Alisema mkusanyiko ule una sheria kubwa moja, kwamba kazi inayoshindanishwa isiwe imekwisha kuonwa na umma mahali popote, na ikionwa huondolewa. Wazee walinung'unika, Yahaya mwenyewe akasema hawezi kumwombea mtoto kwa jambo asilolijua, na mwishowe binti akakubali ionyeshwe mara moja tu ukutani, mle ukumbini, pasiwe na mtu wa kuirekodi. Wewe, ukiwa mwenyekiti wa kamati ya safari, ulishika kipaza sauti. Uliamuru simu zote zizimwe. Ulisema atakayepiga picha ni adui wa watoto hawa na wa ukoo wetu. Nilikusifu moyoni mwangu siku ile, Fanueli. Nilijiambia kwamba mdogo wangu amekuwa mtu mzima.

Tulisafiri salama. Jumba la mkutano lilikuwa kubwa kama ghala la mkonge, na nyaya zimetambaa sakafuni kila upande. Vijana kutoka nchi nyingi walikuwa wamebeba kompyuta zao pamoja na magodoro, wengine wana nywele za rangi ambazo sikuwahi kuziona kichwani mwa mtu. Nilidhani watatucheka. Badala yake kijana mmoja mwenye ndevu aliniletea kiti na blanketi, akaniuliza natumia mashine gani. Nilimjibu kwamba natumia miwani, na jibu hilo likazunguka ukumbi mzima kabla ya chai. Kazi zilirushwa kwenye ukuta mweupe, na waliozitazama ndio waliozipigia kura. Careen aliniambia kwamba hapo ndipo alipokaa kwa mara ya kwanza tangu azaliwe bila kuhitaji kueleza anachokipenda.

Siku iliyofuata tuliitwa mezani kwa wasimamizi. Binti mmoja wa pale, mwenye adabu sana, alitueleza kwa masikitiko kwamba kazi yetu imeondolewa. Mshindani mmoja aliyefurahi kusikia kuna wageni kutoka Tanzania alitafuta habari zao mtandaoni kwa nia njema tu, akaikuta kazi nzima, imerekodiwa kwa simu kutoka ukutani, imewekwa hadharani siku tulipoagwa. Alituonyesha. Idrisa alijaribu kumweleza kwamba hatukuiweka sisi. Binti alisema anamwamini, lakini sheria haiulizi ni nani. Ni nani aliyeiweka, hilo nitakuja kulisema. Kwanza nimalize habari za Idrisa.

Asubuhi ya mwisho, watu wakikunja nyaya na kufunga mizigo, wasimamizi walituhurumia wakairusha kazi yetu nje ya mashindano. Waliobaki walikuwa wachache. Mfagiaji aliegemeza ufagio wake akatazama mpaka mwisho. Milima yetu ilisimama pale ukutani, maji yakafunguliwa, na makofi yalipopigwa yalikuwa machache lakini ya kweli. Watoto wetu hawakutazamana.

Tangu turudi, Idrisa ameulizwa na kila mtu, na jibu lake ni moja: walivunja sheria. Hasemi ni sheria gani wala ni nani aliyeivunja. Wewe ndiwe uliyelijaza pengo hilo kwa neno wizi. Sasa vijana wa stendi Same humwita Msanii wa Kukopi. Wazazi wa Maore wamewaondoa watoto wao darasani mpaka amebaki na wachache. Yahaya alimwuliza mbele ya mama yake kama kuna ukweli wowote, na alipopewa jibu lile lile alimwambia kwamba mtu asiyejitetea amekiri, na hawajala sahani moja tangu siku hiyo. Kijana ameinamisha kichwa tu. Careen hugombana nami kila jioni, akitaka nimruhusu aseme, nami nimekuwa nikimzuia, kwa sababu niliahidi.

Ndugu yangu, sasa nalisema.

Ile rekodi inaanza kwa sauti yako. Ni wewe, Fanueli. Binti yule alipoifungua mezani hatukuona picha kwanza, tulisikia kikohozi chako, kisha ukawaambia watu wa Dar es Salaam na Arusha wajionee wenyewe. Kwamba aliyesimama katikati ni mwanao Fredrick, kwamba kazi yote ni ya kichwa chake, na hao wawili wengine ni wapambe tu. Nyuma yako mtu alikukumbusha kwamba simu zimekatazwa. Ukamjibu kwamba aliyekataza ni wewe.

Watoto wote watatu walisikia. Fredrick aliinama mpaka paji la uso likagusa meza, akalia kwa namna ambayo sijamwona mwanamume akilia isipokuwa makaburini. Careen aliziba mdomo kwa mkono. Idrisa, ambaye alikuwa ametoka kuitwa mpambe kwa masikio yake mwenyewe, ndiye aliyeweka mkono juu ya mgongo wa mwanao, akamwambia yule binti kwamba hatumjui aliyerekodi, na kwamba tumeikubali hukumu. Baadaye alitukusanya pembeni. Alisema baba wa rafiki yake ni baba yake, na jina la baba halianikwi juani. Alisema Maore wakijua, Fredrick hataweza tena kuingia nyumbani kwao bila aibu. Aliniomba mimi, mzee wao, niape kunyamaza. Niliahidi kwa jina la Mungu wangu. Ahadi hiyo naivunja kwa barua hii, na msamaha wa jambo hilo nitauomba kwa Mungu na kwa Idrisa. Sitauomba kwako.

Ningeweza kudhani kwamba hukujua. Nilijitahidi sana kudhani hivyo, nilikuombea hilo. Fahari ya mzazi humtoa mtu akili, nami ningekusamehe kabla hujamaliza sentensi. Lakini siku tuliyorudi, Fredrick alipokueleza, mlango ukiwa umefungwa, sababu ya kuondolewa kwao, kama alivyokuja kuniambia mwenyewe, uliifuta rekodi ile jioni hiyo hiyo. Careen aliitafuta asiione. Kwa hiyo ulijua. Ulijua, na Jumapili ukapanda ngazi za kanisa ukamwita mwizi kijana aliyekuwa amekusitiri. Unawaambia watu kwamba mwanao hashuki tena nyumbani kutoka Same, anakokaa sasa, kwa sababu marafiki wabaya wamemharibu. Fredrick hashuki kwa sababu hawezi kukutazama.

Nisamehe kwa ukali huu. Sikuzoea kuandika hivi, na kwa mdogo wangu wa tumbo moja sikutarajia. Watu wa tambarare hututania kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mimi sina ng'ombe wa kuuza na sitaki kesi. Nataka jambo moja. Jumamosi, kabla baraza halijafungua kikao, simama useme kwa kinywa chako ni nani aliyeirekodi kazi ile na ni nani aliyeutengeneza muziki ule kwa jasho lake mwenyewe. Ufunguo wa ukumbi ubaki kwa Idrisa. Nitashuka siku hiyo, goti likubali lisikubali, nami nitaketi mahali utakaponiona. Ukinyamaza, nitasimama mimi, nami sina kawaida ya kufupisha.

Nakutakia usingizi mwema kwa siku zilizobaki. Msalimie sana Hedwiga, na majirani wote wanaoniulizia. Careen amekataa kuniruhusu nikuandikie salamu zake, nami sikumlazimisha. Bwana akulinde, akufundishe, wala asikuache ulivyo.

Kaka yako,
Elinaza.

Barua hii anakuletea Idrisa. Amepanda leo kuniamkia, na kesho asubuhi anashuka kwa bodaboda kuwahi watoto wake wachache darasani. Hajui kilichoandikwa humu. Anadhani ni habari za mvua na tangawizi. Atakapofika mlangoni atakuamkia shikamoo, kama alivyofanya siku zote, hata Jumatatu ile baada ya maneno yako. Jitahidi umwitikie.