Nililitaja Jina la Baba Yako

Hospitali ya misheni, Kasulu
Jumapili, baada ya ibada

Baba Yonasi,

Nakusalimu sana, na mama namsalimu kabla hujamaliza kusoma mstari huu. Yonasi ameacha kukohoa? Anakula vizuri, au bado anakwenda kunisubiri njiani? Huku mimi na Tabita tu wazima, ila Tabita anaota meno na mgongo wangu umekuwa ndio kitanda chake.

Barua yako niliipata kwa dereva wa lori. Umeniandikia nivumilie. Kuvumilia ninavumilia, hata hapa ninapoandika ninavumilia. Lakini kuna jambo sikukueleza mara ya kwanza kwa sababu niliona haya, na sasa lazima nikueleze, maana limetufungia njia.

Kwanza ugonjwa wenyewe wa baba yako. Daktari wa hapa amenieleza taratibu, maana niliuliza mpaka akacheka. Anasema kila mwanamume ana tezi ndogo chini ya kibofu, na uzeeni tezi hiyo inanenepa na kubana njia ya mkojo. Ndiyo maana baba alikuwa anasimama kule migombani muda mrefu na kurudi amekunja uso, mpaka siku ile njia ikaziba kabisa. Si kisonono. Zile sindano za zahanati zilikuwa kazi bure. Na wale waliomcheka kilabuni kwamba mzee bado ana wasichana, waambie ni uzee tu, na wao unawangoja.

Dawa ya kumeza, anasema, hakuna. Anaweza kukaa na huu mpira wa mkojo maisha yake yote, ubadilishwe kila baada ya wiki kadhaa, nao unaleta homa. Ameshaipata mara mbili. Au apelekwe Dar es Salaam kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo, ambaye anapitisha chombo ndani kwa ndani bila kupasua tumbo. Au apasuliwe hapa hapa na yule daktari wa upasuaji anayekuja kwa ndege ndogo kila baada ya miezi michache.

Ya Dar nimemwuliza mwenye duka mmoja mjini, Mzee Saidi, ambaye alimpeleka kaka yake. Akaniambia, "Binti yangu, treni ya kutoka Kigoma utapata. Bingwa naye yupo. Ila utalala kwa nani miezi miwili ukingoja zamu, na mtoto mgongoni?"

Basi nikamchunguza huyu wa ndege. Si bingwa wa mkojo peke yake, anapasua kila kitu, kwa hiyo nilitaka kumwona mtu aliyempasua. Kwenye kitanda jirani na cha baba yupo Mzee Bucumi, amelazwa kwa ajili ya mguu. Tezi yake ilitolewa mwaka jana.

"Unaniuliza habari za mkojo, mama?" akasema. "Mimi nilikuwa nauomba kama watu wanavyoomba mvua. Sasa nikisimama, kuku wanakimbia."

Mkewe akamkemea, "Nyamaza wewe, huyo ni mkamwana wa watu!" Lakini nilikuwa nimeshasikia nilichotaka kusikia.

Sasa sikiliza nililolificha. Siku tuliyofika, baba alikuwa analia kwa maumivu, hawezi kusema neno. Karani akaniuliza jina la mgonjwa. Baba Yonasi, ningelitajaje jina la baba mkwe wangu? Tangu umenioa hata neno linalofanana nalo silisemi. Nikatazama chini. Akauliza tena kwa ukali, na watu nyuma yangu wamejaa. Nikasema, "Yohana." Ndilo jina la kwanza lililonijia. Nilidhani nitalirekebisha baadaye, kisha nikaona haya, siku zikapita. Wodini wote walikuwa wanamwita Babu tu, hakuna aliyejua.

Daktari wa ndege alipokuja, mimi nilikuwa bombani nafua. Wakaita, "Mzee Yohana!" Wakaita tena. Baba amekaa pale pale anawatazama, maana yeye si Yohana. Wakaandika kwamba ametoroka. Niliporudi, daktari alikuwa anakusanya vitu vyake. Nikakimbia nikasema, "Yohana ni yule pale."

Karani akamwuliza baba, "Wewe ndiye Yohana?"

"Yohana ni nani?" baba akasema.

Watu wakacheka. Daktari akatazama saa. Hapo nikalitaja. Jina lake lote na la baba yake, kwa sauti, mbele ya wodi nzima.

Daktari akampima. Akasema anafaa kupasuliwa, moyo wake una nguvu, lakini kwa safari ile nafasi zimekwisha. Akirudi, baba atakuwa wa kwanza.

Tangu siku hiyo baba hali chakula cha mkono wangu. Zamani alikuwa anazungumza nami kupitia kwa Tabita: "Mjukuu, mwambie mama yako uji umepoa." Sasa hata Tabita hamsemeshi. Ninapika mimi, anapeleka mke wa Mzee Bucumi. Na alipoletewa karatasi ya kukubali kupasuliwa, akaisukuma. "Sikuja hapa kuhasiwa kama fahali," akasema. "Na aliyenivua nguo kwa kunitaja, ndiye anipeleke kwenye kisu?" Daktari amemweleza kwamba uanaume wake hawaugusi, ni tezi tu. Hasikii. Na mwenyewe asipokubali, daktari anasema sahihi yangu haisaidii kitu.

Basi ndivyo nilivyo. Kuondoka siwezi, huko kijijini huu mpira ataubadilisha nani? Kumsemesha siwezi. Malori ya Kibondo yanapita hapo barabarani, nawasikia utingo wakiita abiria, nami nimekaa kwenye banda la kupikia nachochea kuni mbichi.

Juzi mpira uliziba. Tumbo likajaa, baba akashika kitanda kwa mikono miwili. Nesi alikuwa peke yake. Akaniambia, "Mshike mabega, haraka!" Nikamwambia yule ni baba mkwe wangu. Akasema, "Akikufia hapa atakuwa nani wako?" Nikamshika, nimegeuzia uso ukutani, mpaka mkojo ukatoka. Alipotulia hakuisukuma mikono yangu. Akasema, si kwa Tabita, kwangu mimi, "Mwandikie mume wako. Mwambie namwita." Halafu akafumba macho.

Nisikudanganye, hakusema amekubali. Amesema anakuita.

Daktari wa ndege anakuja Jumatano, si hii, ile inayofuata. Baada ya hapo mvua zinaanza, uwanja wa ndege unakuwa matope, na hakuna anayejua atarudi lini. Najua mmeamriwa nyumba za kijiji kipya ziezekwe kabla ya mvua. Nenda kwa katibu wa kijiji umweleze baba yako yuko wapi na ana nini. Akikataa, ondoka hivyo hivyo. Nyumba isipoezekwa tutalala kwa ndugu. Mwambie mama apike pombe ya ndizi uje nayo, ili kosa langu limalizwe kati yako na baba yako kama inavyopasa. Kosa ni langu, silikatai. Lakini nikiulizwa tena jina lake ili atibiwe, nitalitaja tena, na hilo nalo ulijue kabla hujaja.

Nisalimie dada yako Esteri, anayenipalilia maharage, na balozi wetu wa nyumba kumi, na mama mzaa chema ambaye kila usiku baba anamwita usingizini ingawa mchana hamtaji. Yonasi mbusu shingoni, pale anapocheka.

Barua hii usiijibu kwa barua. Lori linaondoka sokoni Kibondo Jumatatu asubuhi, ile ya juma atakalokuja daktari. Uwe ndani yake.

Mkeo anayekungoja getini,
Mama Yonasi