Leso za Kona ya Mkorosho

Jumapili, 3 Agosti 2025

Nimepewa cheo! Msimamizi wa usalama wa watazamaji, mashindano ya tuktuk, Mwabungo. Sikukiomba. Kikao cha madereva kilikuwa kinakwisha, mwenyekiti wetu Mzee Mwinyihaji akauliza nani ana sauti ya kufukuza watu njiani. Wote wakanigeukia mimi! Eti nikiita abiria Ukunda nasikika hadi Diani. Waongo wakubwa. Nimekubali, ila nimenuna kidogo wasije wakazoea.

Mbio ni Jumapili ijayo, kwenye uwanja mtupu nyuma ya kijiji. Mdogo wangu Nassir anashindana. Mama ameshaanza kuuliza avae buibui lipi.

Jumatano, 6 Agosti

Leo majaribio. Njia imepangwa kwa matairi makuukuu, nzuri tu — isipokuwa kona ya mwisho, inayopinda ghafla karibu na mkorosho. Nassir kaiingia kama anayekimbizwa. Gurudumu la ndani likanyanyuka, tuktuk ikalala ubavu, ikateleza nje ya kona mpaka kivulini. Yeye katoka anacheka. Kivuli kile ndicho pekee uwanjani. Jumapili watu watakaa wapi? Pale pale!

Caroline wa zahanati, atakayekuja na sanduku la dawa, alikuwepo. "Zule, crowd ikae ndani ya kona, bana. Nje ndio hizi vitu huchomokea." Mtu wa bara, lakini kasema kweli: watazamaji wakae upande wa ndani. Nikampelekea Mzee Mwinyihaji neno hilo, nikaomba na kona ilegezwe. Kona haibadiliki, asema, bila kona hiyo si mbio, ni msafara wa arusi. Nifunge tu kamba ya kuzuia watu.

Halafu Nassir kaniapisha nisimwambie Mama kwamba alianguka. Akijua, hashindani. Nimeapa. Mjinga mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

Kamba nimefunga, lakini ina rangi ya vumbi, haionekani. Nimejikwaa nayo mwenyewe! Utepe wa rangi hatuna. Basi nikakusanya leso kuukuu za nyumbani, khanga za kujitanda, nikazitundika juu ya kamba, toka mkorosho hadi mnazi wa mbele, kivuli chote kikabaki nyuma yake. Nyekundu, njano, zambarau. Aliye mbali ataona kuwa hapa hapakaliwi. Wallahi nina akili! Nimejipongeza kwa mahamri.

Jumapili, 10 Agosti

Sina akili.

Nimefika uwanjani, nyuma ya leso pamejaa wanawake! Mikeka, chupa za chai, viazi vya karai, watoto wachanga. Mwanamume hata mmoja hayupo. Wanaume wamepita mbali, macho chini kwa adabu, wakaenda kukaa juani upande wa ndani. Ndipo nikaelewa. Leso zimetundikwa, basi ni upande wa wanawake! Kama arusini, kama kwenye maulidi. Nani angefikiri vingine? Mimi peke yangu, niliyezaliwa papa hapa!

Mama yuko mbele kabisa, kanyoosha miguu. "Umetustiri, mwanangu. Mungu akuzidishie." Wenzake wakaitikia amina. Nikawaambia wahame.

"Nikakae juani, nibanane na wanaume? Zulekha, una homa?"

Nikasema ni hatari. Akataka kujua hatari gani, na nani aliyewahi kuanguka hapa. Nikafumba mdomo. Kiapo!

Nikamkimbilia Mzee Mwinyihaji — shikamoo haikumaliza kutoka — tusogeze matairi! Haiwezekani, mgeni rasmi ameshaketi. Nikamkimbilia Nassir. Pale yupo Mama, nikamwambia, punguza mwendo. Akasema amemwona, amempungia mkono, leo atamwonyesha. Atamwonyesha! Na raundi ya kwanza ni yake.

Jumapili bado

Naandika nikiwa ndani ya tuktuk yangu. Nimeiegesha katikati ya kona, imeziba njia, ufunguo nimeutia kifuani. Kuandika kunanituliza. Naogopa. Kipaza sauti kinalitaja jina langu na la baba yangu. Wanaume wanapiga miluzi. Wanawake wamenipitishia chai juu ya leso, na kiazi. Wanadhani nami ni sehemu ya burudani!

Nassir kaja kwa miguu, kofia kichwani, amefura. Lete ufunguo, unaniaibisha mbele ya watu. Nikamwambia kwa sauti ya chini, mimi nimeapa, wewe hukuapa. Waambie Jumatano ulilala wapi. Ukishindwa, chukua ufunguo huu, uje mbio, na Mama akiwa hapo hapo.

Nassir kamtazama Mama, aliyeinua mikono anamwombea dua ashinde. Kautazama udongo. Kavua kofia, kavuka leso, kashika ncha ya mkeka wa Mama — anauvuta, na Mama yumo juu yake!

Wanawake wameangua kicheko. "Nassir, utanivunja kiuno!" Mama naye anacheka mpaka anakohoa. Nassir hacheki. Anavuta tu, machozi yanamlengalenga.

Mama kaacha kucheka.

"Nassir. Wewe ulianguka hapa?"

Mzee Mwinyihaji anakuja mbio, kanzu kaikunja mkononi, anadai ufunguo. Simpi. Nassir anazidi kuvuta mkeka.