Chaza wa Baba

Jumamosi, 3 Novemba

Nimekaanga mahamri, mawili yakaungua. Shee ameyachagua hayohayo mawili akala. Mume gani huyu! Hina ya harusi bado imekolea mikononi. Kila nikishika sufuria naitazama, nacheka peke yangu. Mama mkwe amenifuma. "We bibi arusi, sufuria hiyo haina kioo." Nimeona haya kweli.

Ametoka kwenda ofisini. Nimesimama dirishani mpaka kofia yake ikapotea upande wa bandarini. Nampenda. Nitaandika tena: nampenda. Hapa hakuna wa kunicheka.

Jumatatu, 5 Novemba

Shee amepewa kazi kubwa! Wanasayansi wa baraza fulani wamekuja Kismayu kuchunguza bahari yetu. Nimemwuliza kazi yao hasa ni nini. Akanieleza kwa subira, amenishika kidole gumba muda wote. Hawaamuru. Wanakaa pamoja, wanapima wanachokijua na wasichokijua, halafu wanaishauri serikali: hapa pavuliwe, hapa paachwe, mikoko ile isikatwe. Serikali ikitaka inafuata, isipotaka basi. Nchi nyingi zinafanya hivyo sasa, maana bahari ni moja na wanaoila ni wengi.

Mkubwa wao ni mwanamke. Wanamwita Daktari. Kiswahili hajui hata neno. Shee ndiye sikio lake, ndiye mdomo wake.

Wanaanza na kisiwa cha Chula. Kwetu! Nami naruhusiwa kufuatana nao. Sijui nivae leso gani.

Jumatano, 7 Novemba. Chula

Baba amewapokea barazani, kanzu mpya, yote kwa ajili ya mkwe wake. Daktari alichafukwa na bahari njia nzima. Uso kama unga. Hata hivyo hakuacha swali. Kasa wapo? Nani anawavua? Kwa njia gani?

Baba alieleza vizuri. Kasa aliyepanda pwani kutaga hashikwi, ni aibu. Wa majini huvuliwa kwa chaza.

Neno hili! Nilipokuwa nasoma Mombasa kwa mama mdogo, darasa zima lilinicheka kwa neno hili. Wao samaki huyu wanamwita taza. Ukisema chaza wanafikiri yule wa gamba, wa lulu. Chaza wetu ni samaki, ana kisahani kichwani cha kugandia. Baba anamfuga uani ndani ya pipa la maji ya bahari. Akitoka naye anamfunga kamba mkiani, anamwachia, chaza anamganda kasa, Baba anavuta. Leo hakuwapo wa kuonyeshwa. Ami Omari alikuwa amemchukua tangu alfajiri. Daktari ameonyeshwa pipa tupu.

"Chaza ni kama mkwe," Baba alisema. "Utamlisha, utamfunga kamba, na bado hujui atakwenda kuganda wapi."

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa. Shee alicheka pia, akaandika.

Daktari aliahidi jambo moja kabla ya kuondoka. Ushauri ukishaandikwa, utarudi Chula usomwe. Wenyewe wasipoukubali, hauendi serikalini. Baba alimpenda hapohapo. "Mama huyu ana adabu," alisema.

Ijumaa, 23 Novemba

Shee anapiga taipu nyumbani, mimi nampepea. Sauti ya ile mashine naipenda kama muziki. Yale aliyoandika kwa Kiswahili anayageuza Kiingereza, yanakwenda kwa Daktari Mogadishu. Huko wenzake wanasoma kila mstari, wanabishana. Wasipokuwa na hakika wanaandika waziwazi: hili hatulijui.

Nimesema serikali gani itapenda karatasi ya namna hiyo. Shee akasema, "Ndiyo maana hazisomwi."

Halafu akaacha taipu, akanipepea yeye.

Jumapili, 9 Desemba. Chula

Leo ushauri umesomwa. Daktari ameshindwa kuja, barabara za Mogadishu zimeharibika kwa vurugu. Shee amesoma mwenyewe mbele ya msikiti, sauti imenyooka, mimi nyuma na wanawake. Ushauri unasema wenyeji waachiwe miamba yao na mwiko wao wa pwani, na meli kubwa zikae mbali. Alipofika kwetu akasoma: "Watu wa kisiwa hiki wana chaza, huwatunza majumbani ndani ya mapipa, na kwa chaza hao huvua kasa."

"Ndivyo!" wazee wakaitikia.

Baba akasimama, akasema kwa lahaja yetu ya visiwani. "Mchu huyu hakuongeza, hakupunguza. Mumesikia? Ndiye mkwe wangu."

Nimelia kwa furaha, Mama akanifinya niache. Shee hakula kitu. Amesema bahari imemchafua. Bahari ilikuwa shwari.

Jumatano, 19 Desemba

Mgeni wa wizarani amekula kwetu. Mtu mnene, viatu vinameta, Kisomali cha Mogadishu. Nimepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Niliingia na birika la kunawia nikamsikia anasema "luul". Lulu. Nikadhani anamsifu mtoto wake. Akasema tena. Kule visiwani watu wanafuga chaza wa lulu ndani ya mapipa, imeandikwa kwenye ushauri wa wataalamu. Akamgeukia Shee. Wewe umeoa kule, ni kweli?

Nikamtazama Shee. Nikangoja acheke. Mimi nilikwishaanza.

Shee akasema, "Haa." Ndiyo.

Maji nimeyamwaga mkekani. Mgeni akasema bibi arusi mikono yake bado ina haya.

Alhamisi, 20 Desemba

Nimemwuliza asubuhi, mama mkwe akiwa sokoni. Nilimwambia lazima ulisikia vibaya jana. Nilikuwa namtafutia njia. Hakuishika.

Alijua. Mwanzo lilikuwa kosa. Jina la samaki yule kwa Kiingereza hakulijua, akafungua kamusi ya Kiswahili aliyonunua Mombasa, akaandika alichokikuta. Kumbe ni yule wa gamba. Daktari akadhani ni chambo cha kuvulia kasa, akapita. Wizarani nakala iliwafikia kabla ya wakati, nao hawakupita. Walimwita, wakamwuliza habari za lulu, ndipo Shee akafahamu alichokiandika. Hiyo ilikuwa kabla ya kwenda Chula kusoma. Akasoma kwa Kiswahili. Chaza kwa chaza. Nani angepinga? Nami nililia kwa furaha.

"Karatasi ya kasa nani angeifungua, Maryamu? Lulu ndiyo iliyowafungua macho. Wataleta boti, wataleta zahanati. Wakikosa lulu watacheka, yamekwisha."

"Na wewe umepata nini?"

Akasema amewekwa kwenye orodha ya watakaopelekwa ng'ambo kusoma.

"Na Baba je?"

"Baba ni baba yangu pia."

Ameapa atamwandikia Daktari neno lisahihishwe. Alilia. Sijapata kumwona analia. Nimemwamini.

Jumatatu, 31 Desemba

Vita Mogadishu. Redio haisemi, watu wanasema. Daktari na wenzake wameshaondoka nchini. Nimemwuliza Shee kama alimwandikia. Amesema ndiyo, zamani. Akanibusu kipaji. Nimefurahi. Nilikuwa nataka sana kufurahi.

Ijumaa, 8 Februari

Mji umefurika watu wenye magodoro vichwani. Serikali hakuna tena. Kila gari lina bunduki. Nimemwona yule mgeni wa wizarani juu ya gari moja, kati ya vijana wenye silaha. Viatu vyake ni vilevile.

Nimemwambia Shee. Amegeuka rangi. Baadaye amesema nitangulie Chula kwa wazee, visiwani hakuna cha kupigania. Yeye atamweka mama yake pahali salama, atanifuata. Tumeagana kama wapenzi wa kwenye filamu. Nimemwachia leso yangu.

Jumanne, 26 Februari. Chula

Hajaja. Kila chombo kikitia nanga nashuka pwani. Wanawake wameanza kunitania. "Maryamu, bahari umeshainywa kwa macho." Ami Omari ametoka Kismayu, amesema nyumba yetu ina kufuli. Mama mkwe yuko kwa nduguze. Shee hawajui aliko.

Naogopa amekufa. Nimesali sana. Naikumbuka harufu ya shati lake.

Jumapili, 3 Machi

Wamekuja. Boti mbili, bunduki, na yule mgeni mbele.

Wameanza na mapipa. Nyumba kwa nyumba wanayapindua. La Baba walilipasua kwa shoka. Chaza alianguka mchangani akarukaruka. Baba alimwokota akawaonyesha kwa mikono miwili. Huyu ndiye chaza. Samaki. Mtazameni. Wakadhani anawafanyia mzaha. Wakamvuta nyuma ya nyumba.

Mgeni aliniita ndani. Alinikumbuka. "Wewe ulitunawisha." Nimemwambia ni samaki tu, nimeapa kwa Mwenyezi Mungu, mume wangu alikosea neno. Akatikisa kichwa. "Mumeo hakukosea," amesema. "Juzi mjini nimemwuliza tena. Alikuwa anataka nafasi kwenye gari letu la kwenda mpakani. Nikamwambia, kwanza nihakikishie lulu ziko. Akasema nendeni, ziko, kwa baba mkwe wangu hasa."

Juzi.

Nilikuwa hapa juzi. Alijua niko hapa. Yeye ndiye aliyenituma nije.

Nyuma ya nyumba nilimsikia Baba.

Jumatatu, 4 Machi

Mkono wa kulia wa Baba umevunjwa kwa kitako cha bunduki, chini ya kiwiko na kwenye vidole. Waliendelea mpaka walipochoka kuuliza. Wamechukua mashine za boti, nyavu, vyombo vya Mama vya kabatini. Lulu hawakupata.

Ami Omari ameufunga mkono kwa vipande vya mbao. Baba haulilii mkono. Anauliza, "Nani aliwaambia?" Anamwuliza kila anayeingia.

Mimi nampa maji.

Jumatano, 13 Machi

Tunaondoka. Jirani alikuwa ameificha mashine moja ya boti ndani ya kisima kikavu, ndiyo itakayotubeba. Tulipita kisiwa cha Chovae, tukakuta nao wanafunga mizigo. Mama amebeba kinu. Nimemwuliza kinu cha nini, akaniambia ninyamaze. Baba amekaa nyuma, tezini, mkono kifuani, anamwelekeza nahodha kwa kidevu.

Alhamisi, 4 Aprili. Mombasa

Ramadhani, na sisi kambini. Mama mdogo anatuletea uji na kaimati. Watu wa visiwa karibu wote wako hapa, hema kwa hema.

Leo binamu yake Shee amenitafuta. Shee yu hai. Yuko Nairobi, anangoja safari ya masomo. Anasema alilazimishwa. Anasema ananipenda. Nafasi ya mke iko, niende upesi. Ameongeza kwamba leso yangu anayo.

Nilimwombea wiki nzima nikidhani amekufa. Ningependa hizo dua nirudishiwe.

Ukweli wote niuandike basi. Niliposikia yu hai, moyo uliruka. Kabla ya chochote uliruka, kama zamani, kama mbwa aliyesikia hatua za mwenyewe. Halafu nikamchukia hata njaa ikaniisha kabla ya maghribi. Sijui nimchukie yeye zaidi au huo moyo.

Angeliuza jina lake, ningemfuata. Angeliiba, ningemfichia. Amemuuza Baba mara mbili. Na mara ya pili aliniuza nami humohumo kwa bei moja.

Binamu nimemrudisha bila jibu.

Jumamosi, 25 Mei. Kambini

Mvua imeacha. Mkono wa Baba umeunga kombo. Vidole vimekunjika, havifumbi wala havifumbui. Ami Omari anamwambia sasa atakuwa anatusalimia kwa ngumi. Baba anacheka.

Mchana ameniuliza kwa nini simfuati mume wangu. Habari za Nairobi zimemfikia, kambi haina siri. Siri moja tu inayo, na hiyo ni yangu. Yule mgeni aliniambia mimi ndani, Baba hakusikia. Hata Mama sijamwambia.

"Mke hukaa kwa mumewe," Baba alisema. "Na yule ni mtu mwema. Mbele ya wazee alisoma, hakuongeza, hakupunguza. Kila Ijumaa namwombea."

"Sitakwenda, Baba."

"Amekukosea?"

Niliyafungua maneno yote mdomoni. Yalikuwa tayari. Nikamtazama Baba, kanzu imepauka, anangoja jibu, na kati ya vitu vyote tulivyoacha Chula hicho kimoja amekuja nacho kizima: kwamba alisikilizwa, na alisomewa sawasawa.

"Hapana," nikasema. "Basi tu."

Hakuuliza tena. Mama akaweka chakula. Wali mweupe na changu wa kukaanga. Kwa mkono wa kushoto Baba hawezi kuchambua samaki. Nimemtolea miba, nikamsogezea.