Pumzi Kabla ya Jina

Rotterdam,
12 Februari 2025

Kwa ndugu yangu Bi Hadia binti Badawi,
Siyu.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwezi uliopita nilitimiza miaka hamsini na moja tangu nilipotoka Siyu. Nilikuwa na miaka ishirini. Wewe ulikuwa na kumi na miwili, umesimama mlangoni na ufagio mkononi, ukiniuliza kama Mombasa ni mbali kuliko Lamu. Nilikujibu kwamba ni mbali kidogo. Naanza na hesabu hiyo si kwa ajili ya kusikitika, bali kwa sababu watu wa umri wetu wakiacha kuhesabu huanza kubuni.

Natumaini barua hii itakukuta u mzima na kwamba goti limepoa. Mwanao Mahir ananiambia hukubali kupelekwa hospitali Lamu kwa kuwa hutaki kushikwa mkono na vijana wa boti. Nakuomba ukubali, wao wamezoea, nawe utazoea. Mimi sijambo kwa kadiri ya umri. Sukari ninayo, macho yamepungua, lakini masikio bado, alhamdulillahi. Daktari wa masikio hapa hunipima, hutazama matokeo, kisha hunitazama mimi kama mtu aliyepita mtihani kwa kuibia. Binti yangu Nasreen anakusalimu, na anaomba umwie radhi kwamba Kiswahili chake ni cha kuagiza chakula tu.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu ujumbe wa simu hupitia kwa Mahir, naye ni kijana mwema mwenye masikio marefu. Nimemwambia bahasha hii ni ya mamake na asiifungue.

Kwa mkono wake nimepata maswali yako mawili. Moja ulilitupa kwa mzaha, la pili halikuwa mzaha. Nitaanza na lile la mzaha, kwa sababu bila hilo siwezi kulijibu jingine.

Umeuliza ni kazi gani hasa iliyoniweka huku miaka yote hii. Mahir anasema barazani kila mtu ana lake: wengine wanasema nina duka la kutengeneza redio, wengine kwamba napiga tarumbeta vilabuni, na Bwana Idarus, aliyekaa nami madrasa, anaapa kuwa mimi ni nahodha, na jina la meli analo. Mwacheni na meli yake. Meli nilipanda mara moja tu, Mombasa hadi hapa, nikimenya viazi, na nilipofika sikurudi ndani yake. Kwa miaka mingi baada ya hapo sikuwa na karatasi za kuishi nchi hii.

Mimi ni mtayarishaji wa muziki. Vijana husema prodyuza. Siimbi, na gitaa nililolipiga Mombasa niliacha kulipiga nilipowasikia wanaolijua. Wewe umesimamia harusi nyingi, kwa hiyo utanielewa kwa urahisi kuliko Idarus. Msimamizi hapiki wala haimbi, lakini ndiye anayeamua nani akae wapi, chakula kitoke saa ngapi, na nani aondolewe taratibu kabla hajaharibu shughuli. Na pilau ikiungua anaulizwa yeye. Hiyo ndiyo kazi yangu, ila badala ya pilau ni ngoma, besi, kinanda na saksafoni.

Muziki wenyewe ni jazi na fanki. Jazi kwetu, utakumbuka, lilikuwa jina la bendi yoyote yenye gitaa na suti za kufanana. Ya huku ni kitu kingine: watu watano wanakubaliana juu ya wimbo mmoja, kisha kila mmoja anaruhusiwa kutoka nje ya wimbo huo kwa zamu, mradi ajue ndia ya kurudi. Fanki ni ndugu yake mkorofi. Humo besi na ngoma ndio wenye nyumba, wengine wote ni wageni. Mahir aliniandikia kwamba alikusikilizisha sahani yangu ya kwanza ya santuri tangu mwanzo hadi mwisho, nawe ulikaa kwa adabu, kisha ukauliza wataanza kuimba lini. Hawaanzi, Hadia. Yeye mwenyewe alisema, “Anko, hizi ngoma zako ni noma,” na ilinibidi nimwulize kama hiyo ni sifa au malalamiko.

Kazi hii niliingia kwa mlango wa nyuma. Kibarua changu cha kwanza cha kueleweka kilikuwa katika kiwanda cha kuchapa sahani za santuri. Nilifungiwa katika chumba kidogo, nikipewa sahani moja kutoka kila rundo, niisikilize pande zote mbili na kuandika kasoro: mkwaruzo hapa, mlio hapa. Sikusikiliza wimbo, nilisikiliza kila kisichokuwa wimbo. Mtu akifanya hivyo kwa miaka hawezi tena kuacha. Mpaka leo nikikaa na watu nasikia friji, kiti, meno ya mgeni.

Kutoka hapo nikapata kazi katika studio, kushika nyaya na kukata utepe kwa wembe, na huko nikakutana na Kamaludin, mpiga ngoma kutoka Suriname, Mwislamu kama sisi. Ni mtu mnene mwenye mikono myepesi. Hupiga nyuma kidogo ya mdundo, kama anayemfuata mwenziwe sokoni bila haja ya kumpita. Amekuwa rafiki yangu tangu siku hiyo, na bado tunagombana kuhusu chumvi.

Mwaka 1986 mwenye studio aliniamuru niondoe pumzi za mwimbaji mmoja. Kila anapovuta hewa kabla ya neno, nikate utepe hapo, niunge, sauti ibaki safi. Nilikataa. Alisema pumzi si muziki. Nilisema pumzi ndiyo mtu mwenyewe, maneno hata kasuku anayaweza. Akaniambia basi nikaajiriwe na kasuku. Nilitoka siku hiyo hiyo, na Kamaludin akatoka nyuma yangu, akilalamika njia nzima kwamba ningengoja kwanza tule chakula cha mchana.

Tukakodi ghala la zamani la kahawa karibu na bandari. Yeye aliliandikisha kwa jina lake, kwa kuwa langu halikutambuliwa na serikali. Nikatundika majamvi ukutani ili sauti isirukeruke, na tukaanza kutoa sahani zetu wenyewe, bila kampuni nyuma yetu, tukizipeleka madukani kwa baiskeli. Sheria zetu zilikuwa mbili. Pumzi haikatwi. Na kila aliyeshiriki, hata aliyegonga chupa, jina lake na kazi yake viandikwe nyuma ya jalada. Wakubwa wa makampuni walikuwa na tabia ya kusahau majina ya watu. Sisi tumetoa sahani arobaini na kitu, na sidhani tumemsahau yeyote. Hazikunitajirisha. Nyingine zilisahauliwa kabisa, mpaka vijana wa Japani walipozifufua hivi karibuni, nami sasa huandikiwa barua na watu ambao hawakuwa wamezaliwa tulipozirekodi.

Sahani zote hizo zina chapa moja: Yasikia. Mahir alipoiona kwenye tovuti ya hao Wajapani alidhani ni neno lao. Mwezi wa Rajabu alikuonyesha jalada katika simu. Anasema ulilitazama, ukamrudishia simu, ukaingia ndani, na siku ya pili ukanitumia ule ujumbe wa sauti wa kunitaka nije, ndilo lile swali la pili: “Ndoo, kaka. Nina neno, na neno lenyewe si la simu.” Mahir anadhani unataka tuzungumze habari ya nyumba. Mimi sidhani hivyo.

Unazikumbuka kaseti. Mama hakuandika, na barua ulizomwandikia alisema zina sauti yako, si yake, ndipo mkaanza kunirekodia. Alikataa kugusa vitufe vya redio. Alisema vina meno. Kila kaseti ilianza vile vile: mlio wa kitufe, mbali kidogo, upande wako, kimya, kisha mama, kwa sauti ya kumwita mtu wa nyumba ya pili, akiuliza kama mashine inasikia. “Yasikia?” Nawe kwa mbali: “Yasikia, mama, sema.” Ndipo alipovuta pumzi ndefu, kama anayejiandaa kunyanyua mtungi, na akasema jina langu. Nyuma yake zile kuta nene na vidaka vyake vya kuwekea vyombo vilimeza kila mwangwi. Nimetundika majamvi maisha yangu yote nikiutafuta ukavu wa chumba kile, na sijaupata.

Kaseti iliyofika Machi 1986 ilianza bila swali. Kitufe kililia karibu kabisa na mdomo, na sauti ikaanza papo hapo. Jina langu lilikuja kwanza, pumzi ikafuata. Chumba kilikuwa kile kile, maneno yale yale: mguu, mvua zilizochelewa, dua. Hata kikohozi kilikuwepo. Lakini aliyebonyeza ndiye aliyesema, na mama hakubonyeza kitufe maishani mwake.

Nilijua kabla upande wa kwanza haujakwisha, Hadia. Nilijua kwamba mama amekufa, na kwamba ninayemsikia ni wewe.

Sikuhitaji kuelezwa sababu. Mimi ndiye niliyewaandikia kwamba kesi yangu iko mahakamani na kwamba nikitoka nchi hii sitaingia tena. Mlijua ningeacha vyote nije. Mlijua sawasawa, ningekuja. Kama ni wewe uliyeamua, au wazee, au mama mwenyewe alikuagiza, sijui, na sikuulizi. Nilimwambia Kamaludin peke yake. Tulimsomea mama khitma sebuleni kwake, watu wawili. Wiki iliyofuata mwenye studio akanipa wembe na kuniambia nikate pumzi.

Uliendelea kwa miaka miwili, kaseti nne. Nilizijibu zote, nikimwandikia mama kupitia kwako kama kawaida, nikijua kwamba unazisoma peke yako. Nilipomwambia mama kwamba Hadia anamtunza vizuri na Mungu atamlipa, nilikuwa nakwambia wewe.

Mwaka 1988 karatasi zilitoka, nikaandika kwamba naja kumwona mama. Baada ya muda ikaja telegramu: mama amefariki Ijumaa. Majirani wakaja kunipa pole. Kamaludin alikaa kando yangu akalia vizuri kuliko mimi, na wageni walipoondoka akasema hajawahi kutakiwa kurudia kipande kile kile baada ya miaka miwili, tena bila mazoezi. Nilicheka. Sikumbuki kama nilicheka tena mwaka ule.

Nanyi mkangoja nije kwa kaburi. Sikuja, na najua yaliyosemwa: Jeilani ameshika dunia, hakufika hata kumzuru mamake. Kaburi ndilo lililonizuia. Wewe ndiye ungenipeleka makaburini, na kaburi la miaka miwili halifanani na la mwezi mmoja. Udongo umeshatulia, majani yameota. Ungesimama pale kando yangu huna pa kuificha siri yako, nami ningekuwa nimekusimamisha kwa makusudi. Niliona afadhali nisemwe. Nilidhani itakuwa mwaka mmoja au miwili, mpaka kaburi lizeeke kidogo. Kisha Nasreen akazaliwa, kazi ikashika, mamake akaugua na nikamzika hapa, na miaka ikawa ndiyo hii.

Kwa hiyo lile neno lisilo la simu, kama ni hilo, lilishafika zamani. Usilibebe tena. Usilale ukipanga namna ya kuliambia.

Mama nimebaki naye mimi. Nakala za kaseti zake nimemtumia Mahir. Zile nne zako nakurudishia ndani ya bahasha hii. Kama huna tena redio ya kuzichezea, si lazima uzisikilize. Nilitaka tu uone nilivyoziandika, kwa sheria yetu ya ghalani: “Sauti na kitufe: Hadia binti Badawi.” Na ukiniuliza kama mtayarishaji, nitakwambia ilikuwa kazi ngumu sana, nawe uliifanya kwa uangalifu ambao sikuuona kwa wengi waliosomea. Kikohozi tu kilizidi kidogo.

Nisalimie Mahir, na umwambie Yasikia si Kijapani; mengine umwambie ukipenda. Nisalimie Bwana Idarus, mwambie nahodha anamsalimu. Namsalimia kila atakayekuuliza habari zangu, na asiyeuliza pia. Ukienda kwa mama, msomee Fatiha kwa niaba yangu, na ukifika kwenye jina langu vuta pumzi kwanza.

Kuhusu kuja, nimelisikiliza swali lako pande zote mbili, kama sahani za kiwandani. Sababu ya zamani haipo tena, na jibu limebaki lile lile. Hapa pana kaburi ninalolifagia, pana Nasreen, na pana Kamaludin ambaye siku hizi hapandi ngazi bila mtu wa kugombana naye. Nyumba ni yako na ya Mahir. Sitarudi.

Nduguyo,
Jeilani Badawi